Mkono wa kukoki unaokwama kwenye .22 mpya

Ndugu, umesema mkono wa kukoki, yaani kishikio cha kuvuta bolti nyuma, wa hiyo bunduki yako mpya ya shabaha ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi) unakwama katikati. Kwanza kabisa toa magazini (kisanduku cha risasi), elekeza mtutu mahali salama, hakikisha chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Bunduki nyingi hutoka kiwandani na mafuta mazito ya kuzuia kutu, na baridi hii ya Julai hapa Nairobi huweza kuyafanya mazito zaidi. Ifungue kama kijitabu chake kinavyoelekeza, futa njia ya bolti (chuma kinachoteleza na kufunga chemba), kisha tia mafuta mepesi, kidogo tu. Mvuto wa kwanza ukiwa mgumu usishtuke: bolti inarudisha nyundo nyuma. Ila ikikwama palepale kila mara, au ukiona chuma kimekwaruzika, tafadhali usiigonge wala kuipiga tupa. Irudishe kwa muuzaji mwenye leseni.