"Sipendi" ya Kifarsi iliyoniaibisha Kashan

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, ndo anaanza Kifarsi, ananiambia "kaka, kupenda nishakujua ni dust daram, kutopenda ni dust nadaram, sasa hapo kuna kingine?" Dada yangu, kipo, tena kikubwa, mimi kilinikuta na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Nilikuwa nasoma Qom, Iran, mwaka wa kwanza, mwenzangu wa darasani akanialika kwao, mji wa Kashan. Ulikuwa msimu wa kutengeneza marashi ya mawaridi, mtaa mzima unanukia. Sofre, kitambaa cha kulia, ikatandikwa chini kwenye zulia, mama yake, tukimwita hajj khanum, kapika ghorme sabzi: majani yamekaangwa mpaka yamekuwa meusi, maharage, nyama, na ndani yake zile ndimu kavu wanazoziita limu amani, yaani ndimu za Oman. Mimi nikaitia moja mdomoni nzima nikaitafuna na kokwa zake. Ule uchungu jamani! Hajj khanum akaniuliza, "Khoshet umad?" yaani umekipenda? Na mimi kwa kutaka kuonesha Kifarsi ninacho nikatoa neno nililojifunza wiki ileile: "Na, badam miad."

Kijiko chake kikasimama. Nilidhani nimesema sijakizoea, kumbe nimemwambia mama wa watu chakula chako kinanichukiza. Akatabasamu, akaiondoa sahani yangu polepole, akaniletea mkate na jibini. Rafiki yangu hakunisemesha mpaka tumefika stendi.

Sasa sikilizeni ndugu zangu. Dust daram ni kama penda yetu, inafaa kwa chai na inafaa kwa mtu, ila ukimwambia mtu dustet daram ushamwambia nakupenda, kwa hiyo angalia unamwambia nani. Halafu kuna khosham miad, hii kwetu nyepesi kwa sababu imekaa kama "kinanipendeza", raha ndo inakujia wewe unapokea tu, kitenzi miad hakibadiliki awe nani anayependa, kinachobadilika ni mkia wa khosh: khosham mimi, khoshet wewe, khoshesh yeye, na kitu chenyewe kinatanguliwa na az: az in ghaza khosham miad, chakula hiki kinanipendeza. Umeonja sasa hivi ukapenda, sema khosham umad, umad ni miad ya wakati uliopita. Cha siku zote, dust daram.

Kutopenda ndo penye mtihani. Ziad dust nadaram, sipendi sana, hiyo inapita. Badam miad iweke mbali, na mezani kwa watu usiitamke kabisa, sema sir shodam, nimeshiba, dastetun dard nakone, mkono wako usiume, ndo asante yao. Tatizo letu tunabeba maneno tunaacha adabu yake! Unajua maneno elfu halafu hujui kumwambia mama nimeshiba, hiyo lugha ya nini? Jifunze kukataa kabla hujajifunza kusifia, narudia tena, jifunze kukataa.

Mwaka uliofuata nilirudi Kashan. Ghorme sabzi ileile, safari hii ile ndimu nikaikamua juu ya wali na ganda nikaliweka pembeni ya sahani. Nikamaliza, nikasema "khosham umad hajj khanum, sir shodam, dastetun dard nakone." Hakunijibu kitu, akachota upawa mwingine akanimwagia, nikala.