Wakija kukuomba ufute kesi iliyokwisha hukumiwa

Walikuja Jumapili baada ya ibada: mama mkwe, wifi na baba mdogo wa mume wangu wa zamani. Walibeba mkungu wa ndizi mshare na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Moshi mzigo wa namna hiyo hauji bure, nikajua kuna neno.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Mama Glory, mwenzio kapata kazi ya kuendesha watalii Arusha. Wanataka cheti cha tabia njema. Tunaomba ukaifute ile kesi."

Ile kesi ni ya 2016. Nilishonwa nyuzi nne juu ya jicho, nikajaziwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikaandikisha maelezo Dawati la Jinsia na Watoto. Mahakama ya mwanzo ilimtia hatiani kwa shambulio la kudhuru mwili, akalipa faini na fidia. Tuliachana, tukalea watoto kila mtu kwake.

Wifi akatoa karatasi kwenye mkoba. Kiapo, kimeshachapwa, kinasema niliongopa kwa hasira za wivu. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Dada yangu unayesoma, hapo ndipo pa kusimama. Usisaini. Kwanza si kweli, na kovu ninalo usoni. Pili, ukiapa leo kwamba ulidanganya mahakama, unajifungulia kesi ya ushahidi wa uongo wewe mwenyewe. Na yeye haimsaidii, kwa sababu kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mimi nilikuwa mlalamikaji na shahidi tu. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, hakimu anaweza kuhimiza suluhu kwa makosa madogo ya kibinafsi, na mlalamikaji akasikilizwa. Hukumu ikishasomwa, mimi sina cha kufuta.

Nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ili nisiwajibu kwa hasira. Alinieleza kwamba aliyehukumiwa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Zikipita, anaomba kuongezewa muda na lazima awe na sababu ya maana. Rufaa ikitengua hatia, hapo ana kitu cha kuonyesha. Nje ya hapo kuna msamaha wa Rais, ibara ya 45 ya Katiba. Utaratibu wa kawaida wa kupeleka ombi ili hukumu halali ifichwe, kwetu haupo.

Kumbe wazo la kufuta walilitoa kwenye video za Marekani. Huko kila jimbo lina sheria yake, na yapo majimbo ambako mahakama inaweza kuifunga rekodi isionekane na waajiri wengi. Hata hivyo, fomu ya viza ya Marekani inakuuliza kama uliwahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa.

Kilichoniuma ni wifi aliponong'ona kwamba kaka yake ameshampa kishoka, dalali wa mtaani, laki tatu, eti "ana mtu wake kwenye alama za vidole". Simu ya kishoka haipatikani tena. Cheti kinatolewa kwa kupima vidole vyako, si jina unaloandika, na ukinunua cha kughushi unaongeza kosa jipya juu ya lile la zamani. Laki tatu ni ada ya mtoto. Naumia kwa ajili ya baba watoto pia, sitaki afe njaa.

Nikawaambia aende mahakamani akaombe nakala ya hukumu yenye muhuri, atafute stakabadhi za faini na fidia, kisha amweleze mwajiri kabla cheti hakijamweleza. Akiweza kusema "nilimpiga mke wangu, nililipa, sijarudia", aseme hivyo hivyo. Na wewe ambaye kesi yako iliondolewa au uliachiwa huru, kachukue uamuzi huo kwa maandishi leo, usingoje siku ya usaili. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, lakini karatasi ndiyo itakayokusemea.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akaniuliza kama jicho bado linauma wakati wa baridi. Nikamwambia ndiyo, Julai linauma.

Ndizi nilizipokea, watoto ni wajukuu zake. Kiapo nilimrudishia wifi.