Mkiwi unachanua lakini hauzai

Ndugu, huo mkiwi unaochanua kila mwaka bila tunda umekosa mwenzake. Kiwi ina mti dume na mti jike, kama mpapai. Chungulia katikati ya ua: jike lina vijiti vyeupe vilivyotawanyika kama miale, na chini yake kijitunda chenye vinyweleo, dume limejaa chavua ya manjano tu. Dume moja latosha majike hata 8, mradi yachanue pamoja na nyuki wawepo. Wangu hapa kusini mwa Uingereza ulitoa maua matupu miaka mingi. Dume nililopanda kando lilipochanua, nikachuma. Ila kama ni aina ya kiwi iitwayo Jenny, hiyo huzaa yenyewe bila dume. Hapo angalia kama jalidi (baridi ya kugandisha) ya Aprili iliunguza machipukizi.