Re: Masta ya tofauti za tamaduni nikiwa kazini, nianzie wapi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, upo Kasulu, unahudumia wakimbizi, bosi hatoi ruhusa ya masomo, na umekwama kati ya Chuo Kikuu Huria na chuo cha nje kinachofundisha mtandaoni.

Kabla ya kuwaza ada, angalia utambuzi. Shahada ya nje lazima ipite TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndipo itambulike hapa. Waulize kwanza, lipa baadaye. Mwenzangu mmoja alifanya kinyume, sasa cheti kimetundikwa sebuleni tu.

Halafu usisumbuke na jina la kozi. Mimi nilisoma sosholojia, tofauti za tamaduni nikaziweka kwenye tasnifu. Mada niliitoa mezani kwangu kazini, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: fomu ya mama wa Kikongo imeandikwa "haongei Kiswahili", kisa amesema "batoto" badala ya "watoto". Nilikaa na ile fomu wiki nzima. Wewe pia unazo za kwako, anza kuziandika leo kwenye daftari.

Madarasa utayamudu, mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Kinachokula muda ni tasnifu, hasa vibali. Kuhoji watu kambini kunataka kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kitambulisho chako cha kazi hakitoshi. Kiombe mapema, hata kabla msimamizi hajakukumbusha.

Ada za Chuo Kikuu Huria waulize kituo chao cha Kigoma, nilizolipa mimi zimeshapitwa na wakati.