Mzazi Mwanamichezo: Tukumbuke na Mwili Wake, Tusiishie kwenye Mabao

Anayefiwa na mzazi aliyekuwa mwanamichezo hupokea kumbukumbu za watu wengine kabla hajazikusanya za kwake. Huyu anasimulia bao, yule anasimulia jinsi mshambuliaji hatari alivyozimwa kwa dakika zote tisini, na mfiwa husikiliza kwa shukrani habari za kijana ambaye yeye hakuwahi kumwona. Kumbukumbu hizo ni hazina, nami ninazitunza. Nyumbani, hata hivyo, tulimjua baba aliyeshuka ngazi kwa kutanguliza mguu uleule siku zote, aliyeamka usiku kukanda goti, na ambaye katika miaka yake ya mwisho alianza kupotea katika njia alizozizoea. Ninawaandikia wale ambao mzazi wao bado yu hai, kwa sababu yapo mambo ambayo yakishughulikiwa mapema humpunguzia mateso, na yakicheleweshwa hayashikiki tena.

La kwanza ni kuandika historia ya mwili wake. Baba alikuwa beki wa kati, na kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa mipira ya juu kwa kichwa, mechini na mazoezini. Mama alikuwa na daftari ambamo aliandika kila jeraha alilorudi nalo: tarehe, upasuaji wa goti, sindano za kutuliza maumivu alizochomwa ili amalize mechi, na mara alizogongwa akapoteza fahamu. Daktari wa mishipa ya fahamu alipomuuliza baba kama amewahi kuumia kichwa, baba alijibu kwamba hakumbuki, na daftari lile ndilo lililojibu kwa niaba yake. Kama nyumbani kwenu hakuna daftari la namna hiyo, lianzeni sasa. Maswali yawe mahususi, kwa kuwa wanamichezo wengi wa zamani hawahesabu kuzimia kwa sekunde chache kuwa ni jeraha. Muulize kama iliwahi kutokea akamaliza mechi ambayo baadaye hakuikumbuka, kama aliwahi kuona vitu viwili viwili baada ya kugongana, na kama aliruhusiwa kurudi uwanjani siku hiyohiyo. Muulize pia alichezeshwa mara ngapi akiwa chini ya sindano, maana kiungo kisichohisi maumivu huendelea kuumizwa.

Kisa kinachonipa ujasiri wa kusisitiza jambo hili ni cha Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na timu ya taifa ya Uingereza aliyesifika kwa mabao ya kichwa. Alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 59, baada ya kuugua ugonjwa wa kusahau, na uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulihitimisha kwamba aliuawa na ugonjwa uliotokana na kazi yake, yaani kupiga mpira kwa kichwa mara kwa mara. Familia yake, binti yake Dawn akiwa mstari wa mbele, iliendelea kwa miaka mingi kudai utafiti wa kina. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo yaliyolinganisha wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wa Scotland na watu wa kawaida wa rika lao: wachezaji walikuwa katika hatari ya kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo takriban mara tatu na nusu zaidi. Uchambuzi uliofuata mwaka 2021 ulionyesha kwamba mabeki ndio walioathirika zaidi, ilhali hatari kwa makipa haikutofautiana sana na ya watu wengine. Utafiti huo wa 2019 ulionyesha pia kwamba wachezaji hao walikufa kwa nadra zaidi kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu, na ni haki kulisema hilo, kwa sababu simshauri mtu yeyote amkataze mwanawe kucheza.

Wala si kila usahaulifu wa mwanamichezo mstaafu ni ugonjwa huo. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, usikivu uliopungua, hata mchanganyiko wa dawa, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na kumbukumbu, na vingi kati yake hutibika. Ndiyo maana ninawasihi mwende hospitali mapema badala ya kusema, "Ni uzee tu."

Kuhusu viungo nitasema kwa ufupi. Goti lililochakaa gegedu, yaani ile tishu laini inayozuia mifupa isisagane, halirudi lilivyokuwa, lakini misuli ya paja ikiimarishwa hupunguza mzigo, na kuogelea au kuendesha baiskeli hulifaa kuliko kukimbia. Uzito nao ni adui, kwa kuwa mwili huacha mazoezi makali siku moja na hamu ya kula hubaki ileile.

Jeraha linalosahaulika zaidi ni la nafsi. Mtu aliyetundika daluga akiwa na miaka thelathini na kidogo hupoteza kwa mpigo kazi, ratiba, wenzake na jina aliloitwa na umati. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, katika mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakukimbia hata Olimpiki moja kwa kuwa nchi yake ilisusia michezo ya 1976 na 1980, na baadaye alieleza waziwazi jinsi ulevi ulivyomfikisha hadi kukosa makazi. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho aliweza kuanguka hivyo, mzazi wako anayekaa kimya siku nzima mbele ya televisheni asichukuliwe kuwa ana kiburi au uvivu. Mtafutie jukumu la kweli, kama kufundisha watoto, kuchambua mechi au kusimamia vijana, na awe na mshauri wa kuzungumza naye.

Upande wa haki zake, tunzeni karatasi. Tulipoanza kufuatilia mafao ya baba, klabu aliyoichezea haikuwa na kumbukumbu yoyote ya mkataba wake. Kilichotusaidia ni hati za malipo na vipande vya magazeti ambavyo mama alivihifadhi. Ninaamini vyama vya michezo vina wajibu wa kuwa na orodha ya kila aliyewahi kuchezea klabu zake, kukata akiba ya uzeeni tangu mkataba wa kwanza, na kuhakikisha bima ya afya haikomi siku mchezaji anapoachwa. Mwanamichezo huumia akiwa kazini, na maumivu yake hujitokeza mkataba ukiwa umekwisha zamani.

Kwa sasa, mahali pengi mwanamichezo mstaafu hukumbukwa kwa mchango wa dharura akiwa ameshalala kitandani, na picha yake husambazwa ili watu waguswe. Mchango huo huokoa maisha, wala siupingi. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anaridhia picha hiyo, na kama hawezi tena kujibu, itumike ile aliyopigwa akiwa na jezi; fedha zilipwe moja kwa moja hospitalini, na wachangiaji wapewe hesabu. Watafuteni pia wachezaji wenzake walio hai, kwa kuwa wao ndio mashahidi wa mechi alizocheza na majeraha aliyoyapata, na ushahidi wao ukiandikwa na kusainiwa leo unaweza kufaa siku ya kudai mafao, ya mzazi wako na ya kwao wenyewe.