Maswali ya Wasomaji: Jiko la Peleti Uani, na Nani Atalilisha?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kaka yangu anayeishi Texas, Marekani, anafunga kontena la vitu vya nyumbani, na ameniuliza kama aniwekee jiko la kuchomea nyama linalotumia peleti za mbao. Anasema unaweka nyama asubuhi, unapanga joto unalotaka, kisha jiko linajisimamia lenyewe hadi jioni. Sisi tunachoma kuku au mbuzi karibu kila Jumapili, na samaki aina ya migebuka ndiyo kitoweo chetu cha kila siku. Nimwambie achague la aina gani?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Aliyokueleza kaka yako ni kweli, ila yapo mambo ambayo mtu wa Texas hana sababu ya kuyawaza, na hayo ndiyo yatakayoamua kama jiko litakufaa au litakaa uani limefunikwa turubai. Peleti ni vipande vidogo vya unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa mashine, vyenye unene wa kiasi cha milimita 6. Ubavuni mwa jiko kuna sanduku ambalo kwa kawaida hubeba kilo 8 hadi 10 za peleti. Chini yake skrubu ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma, ambako kijiti cha umeme huziwasha na feni huupuliza moto, huku kipimajoto kilichomo ndani kikikiarifu kidhibiti kama kiongeze peleti au kipunguze. Juu ya kikombe hicho kuna bamba linalozuia mwali usiifikie nyama, kwa hiyo nyama huiva kwa hewa ya moto na moshi mwembamba. Muundo huu ulianzishwa na Joe Traeger wa jimbo la Oregon katika miaka ya 1980, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ilipokwisha mwaka 2006 viwanda vingine vikaingia kwa wingi, ndiyo maana kaka yako anakuta majina mengi dukani. Kwa maoni yangu, tofauti za majina hayo ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai, na si hapo pa kuanzia.

Anza na umeme. Jiko linalouzwa Marekani limetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha umeme itatibu tatizo la volti, lakini haiwezi kubadili hezi, na mota za majiko mengi, hasa ya miaka ya nyuma, huzunguka kwa kufuata hezi. Maana yake ni kwamba skrubu itakwenda polepole zaidi kwa karibu moja ya sita. Kidhibiti kizuri kitafidia kwa kuizungusha muda mrefu zaidi, na katika joto la chini huenda usione tofauti yoyote. Lakini siku utakapotaka nyuzi 230 za Selsiasi ili ngozi ya kuku ikauke vizuri, upungufu huo utauona. Kwa hiyo, kama kaka yako ana njia ya kununua jiko lililotengenezwa kwa soko la Uingereza, basi anunue hilo, kwa sababu volti, hezi na hata plagi yake ya pini tatu bapa ni sawa na za kwetu. Kama hana njia hiyo, amuulize muuzaji kama mota na feni vinatumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) unaobadilishwa ndani ya jiko lenyewe, maana vya namna hiyo havijali hezi, na transfoma itatosha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, feni husimama lakini moto ulio kwenye kikombe hauzimiki papo hapo. Peleti huendelea kufuka, na moto unaweza kurudi nyuma taratibu kupitia bomba la skrubu kuelekea kwenye sanduku. Hatari nyingine huja umeme unaporudi: jiko likijiwasha upya huku kikombe kimejaa peleti zilizoungua nusu, moshi mzito hujikusanya chini ya kifuniko na kulipuka mara moja. Basi umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe waya. Uliacha kuku ndani? Mtoe ukamalizie kwenye jiko la mkaa, kisha jiko likipoa safisha kikombe kabla ya kuwasha tena. Mwenye betri ya sola na inveta ana nafuu kubwa, kwa sababu kijiti cha kuwashia hula wati 200 hadi 300 kwa dakika chache tu za mwanzo, na baada ya hapo jiko huendeshwa na wati 50 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa hadi nusu tu ili isiharibike mapema, italiendesha saa kumi au zaidi kidogo. Bila inveta, weka angalau stabilaiza, kwa kuwa ubao wa kidhibiti ndio kiungo dhaifu kuliko vyote pale umeme unapopanda na kushuka. Kwa sababu hiyo nakushauri uachane na majiko yanayoongozwa kwa simu: yana vitu vingi zaidi vya kuharibika, na fundi wa kuvitengeneza hutampata mtaani.

Sasa tuje kwenye peleti, ambazo naziona kuwa nzito kuliko yote yaliyotangulia. Jiko hili halili kuni, halili mkaa na halili unga wa mbao mtupu. Katika nyuzi 110 hutumia kati ya nusu kilo na kilo moja kwa saa, na katika joto kali hutumia zaidi. Tuseme unachoma mara moja kwa wiki kwa saa nne, na kila saa inakula gramu 800; kwa mwaka utahitaji kilo 166, yaani mifuko 18 au 19 ya kilo 9, ambao ndio ujazo wa kawaida wa mfuko wa Marekani. Mifuko hiyo haipo katika maduka ya kawaida ya Mwanga wala Gungu, kwa hiyo swali la kumrudishia kaka yako ni kama atapakia peleti za mwaka mzima kwenye kontena hilo hilo, na mwaka unaofuata zitatoka wapi.

Akizipakia, ahakikishe mfuko umeandikwa kuwa ni wa kupikia chakula. Zipo peleti za kupashia nyumba joto zinazouzwa kwa bei ya chini sana, lakini nyingi hutengenezwa kwa miti laini yenye utomvu, na moshi wake haufai kugusa chakula. Asome pia kama mfuko ulioandikwa jina la mti fulani ni wa mti huo peke yake au ni mchanganyiko. Zikifika Kigoma, adui yake ni unyevu, kwani mvua zetu za kati ya Oktoba na Mei hazisamehi: peleti iliyonyonya maji huvimba, hugeuka unga ndani ya skrubu na kukwamisha mota. Zihifadhi kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na baada ya kila kazi usiziache kwenye sanduku la jiko. Kabla ya kumimina, chukua moja uivunje kwa vidole. Nzima hung'aa na hukatika kwa mlio. Iliyoharibika hupondeka kimyakimya na kuacha unga mkononi.

Kuhusu ukubwa sina mengi: kwa familia yenu, wavu wa kuchomea usipungue sentimita 50 kwa upana ili migebuka ilale bila kupindwa. Bati la kifuniko liwe zito, sinia la mafuta litoke kwa urahisi, na kaka aongeze vijiti viwili vya kuwashia na kipimajoto kimoja cha akiba, maana ndivyo vinavyokufa mapema.

Kama peleti za mwaka hazitapatikana, mwambie asilete jiko. Alete bomba la chuma lenye matundu la kufukizia moshi, lenye urefu wa sentimita 30 hivi, na kipimajoto cha kudunga ndani ya nyama. Bomba hilo hujazwa peleti, huwashwa upande mmoja, na hufuka saa nne au zaidi bila umeme wowote; ukiliweka ndani ya pipa lenye mkaa kidogo pembeni na kuku upande wa pili, utapata sehemu kubwa ya kile ambacho jiko lingekupa. Peleti zikiisha, vipande vikavu vya mpera au mwembe vitafanya kazi hiyo, na hivyo havihitaji kontena.

SWALI: Mimi ni fundi seremala, na karakana yangu ina unga mwingi wa mninga na mbao nyingine. Je, naweza kutengeneza peleti za kuchomea nyama na kuziuza?
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Fundi, wazo lako ni zuri, lakini unga ulio nao sio wa kuanzia. Peleti hushikana bila gundi kwa sababu mashine huubana unga kwa nguvu kubwa hadi ukapata moto, na lignini, ambayo ndiyo gundi ya asili iliyomo kwenye mti, ikalainika na kuugandisha. Hilo halifanyiki kwa kushindilia kwa mkono, na halifanyiki unga ukiwa mbichi. Unyevu unatakiwa uwe karibu asilimia 10 hadi 15. Mashine ndogo zipo, na kwa nishati ya kupikia jikoni au kukaushia, soko linaweza kujengwa.

Chakula ni habari nyingine. Unga wa karakana huchanganyika na vumbi la plaiwudi, gundi, vanishi na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na ukishachanganyika hakuna namna ya kuuchambua. Vumbi la mninga lenyewe linajulikana kuwasha pua na kuwaletea baadhi ya mafundi pumu, kwa hiyo siwezi kukushauri umfukizie mteja nyama kwa mti huo. Paini ina utomvu, mkaratusi una mafuta makali, na mnyaa una utomvu wa sumu. Yote hiyo weka kando. Tabora mna miembe ya kutosha, na matawi yake hukatwa kila msimu. Ukikusanya matawi ya mwembe na mpera peke yake, ukayakausha, ukayasaga kwa kinu ambacho hakijawahi kuona plaiwudi, hapo utakuwa na unga ninaoweza kuutetea. Anza kwa kuuza vipande vikavu vya miti hiyo kwa wachoma nyama kabla hujanunua mashine, ili ujue kama wateja wapo.

SWALI: Nimeazimwa jiko la peleti na jirani. Nibanike migebuka kwa joto gani, na je, itakaa kama ile ya sokoni?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Dada, ipasue migebuka, iloweke kwenye maji ya chumvi kwa saa moja, uisuuze, kisha uiache kwenye wavu penye upepo, ikiwa imekingwa na nzi, hadi ngozi ikauke na kunata kidogo kidoleni. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu samaki mwenye maji juu hashiki moshi vizuri. Weka jiko kwenye nyuzi 90 hadi 110, na umtoe samaki pale kipimajoto kinapoonyesha angalau nyuzi 63 katikati ya minofu. Kwa migebuka ya wastani ni saa moja hadi mbili.

Haitakaa kama ile ya sokoni. Ile hukaushwa muda mrefu hadi maji yakaisha, ilhali hii imeiva tu na bado ina maji mengi ndani. Uile siku hiyo hiyo, au iweke kwenye friji mara tu inapopoa na uimalize ndani ya siku tatu. Ukitaka ya kusafirisha hadi Dar es Salaam kwa treni, rudi kwenye tanuri la kukaushia, kwani peleti za kuendesha jiko hili siku nzima zitakugharimu kuliko samaki wenyewe.