Lisbon na mama mwenye maumivu ya magoti: tulale mtaa gani?

Swali: Mwezi wa Novemba nasafiri na mama yangu kutoka Mombasa kwenda Lisbon, siku nne. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nimeona fleti Alfama, mtaa wa kale, ghorofa ya tatu, karibu nusu ya bei ya hoteli za katikati ya mji. Ramani inaonyesha ni mita 400 tu kutoka kituo cha metro. Tunataka kuona mambo ya kale, hasa ya hao Wareno waliotujengea Fort Jesus, na tunakula halali. Nilipie?

Jibu: Usilipie. Mfikishie mama shikamoo yangu, halafu tafuta pengine.

Ramani haikudanganyi kuhusu umbali, ila haikwambii mwinuko. Alfama imelala ubavuni mwa kilima chenye ngome ya São Jorge, na hizo mita 400 huenda nyingi ni ngazi za mawe. Ukimaliza za nje unaanza za ndani, kwa sababu majengo mengi ya huko hayana lifti. Vichochoro vingi gari halipiti, kwa hiyo teksi itawashusha chini na masanduku mtayabeba wenyewe. Novemba nayo ni mwezi wa mvua. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo, na vikilowa vinateleza hata kwa kijana. Tena nyumba nyingi za zamani hazina mitambo ya kupasha joto. Mtu wa Pwani ataisikia baridi akiwa kitandani, si barabarani.

Siisemi vibaya Alfama. Tetemeko la Novemba 1, 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, kisha moto na mawimbi ya maji yakamalizia, lakini Alfama ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Vichochoro vyake ni Mji wa Kale wa Mombasa uliosimamishwa wima. Nendeni mchana, mkae mnywe kahawa, mrudi mlale kwingine.

Kwingine penyewe ni Baixa, bondeni, hasa upande wa viwanja vya Rossio na Praça da Figueira. Mtaa huu ndio uliobomoka vibaya mwaka ule, na Marquis wa Pombal, waziri wa mfalme, akasimamia ujenzi mpya wa barabara zilizonyooka, tena tambarare. Wanaojiona wajuzi wa safari watakwambia Baixa ina watalii kupita kiasi. Ni kweli, na ile mikahawa yenye watu wa kuwavuta wapita njia mlangoni ipiteni tu. Lakini goti haliulizi nani mwingine yuko mtaani. Chagua hoteli yenye lifti, uandike kabisa kwenye ombi lako, na uombe chumba cha nyuma, maana cha mbele kina kelele za barabarani.

Uzuri wa kulala bondeni ni kwamba kupanda kwenyewe kuna njia za mkato. Barabara ya Rua dos Fanqueiros ina lifti ya umma, bure, inayokupeleka hadi Rua da Madalena. Mbele kidogo, Chão do Loureiro, kuna ya pili inayokupandisha karibu na ngome. Zikiwa mbovu, basi namba 737 hutoka Praça da Figueira hadi ngomeni. Upande wa pili, kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu: unaingilia Baixa, unatokea juu, mtaa wa Chiado, bila kukata tiketi.

Kwa chakula, Praça da Figueira ni mwendo mfupi tu hadi Martim Moniz. Hapo ndipo mlangoni pa Mouraria, mtaa waliopewa Waislamu wakae baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Leo kumejaa maduka na migahawa ya Wabangladeshi, Wahindi na Wapakistani, na biriani ya halali mtaipata bila kuhangaika. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko mbali kidogo, lakini metro ya laini ya buluu inatoka Baixa-Chiado moja kwa moja hadi Praça de Espanha, karibu na msikiti.

Mambo ya Wareno wa Fort Jesus yako Belém, magharibi mwa mji. Vasco da Gama, aliyefika Mombasa mwaka 1498, kaburi lake liko ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos. Msiende Jumatatu, monasteri hufungwa. Tramu namba 15 ndiyo ya kuwapeleka, na Belém yenyewe ni tambarare. Kulala huko sikushauri. Jioni pamepoa mno, na kila kitu kingine kiko mbali.

Mtaa wa Bairro Alto msahau kabisa, ni baa hadi usiku wa manane. Parque das Nações ni tambarare, ina lifti kila mahali na iko karibu na uwanja wa ndege, ila ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya Expo 98. Mambo ya kale hamtayaona huko.

Ukipenda jengo jingine lolote, kabla ya kulipa soma anwani. Ikianza na Escadinhas, ni ngazi. Calçada kwa kawaida ni mteremko mkali. Rua, yaani barabara, inaweza kuwa chochote, basi omba ramani ikuonyeshe njia ya kwenda kwa miguu na uangalie inapanda mita ngapi.

Mwisho, weka nafasi inayoruhusu kughairi bila makato, kwa sababu ubalozi utataka kuona mahali pa kulala kabla haujawapa viza ya Schengen. Na tengeni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kodi ya utalii ya jiji, ambayo mara nyingi hudaiwa mapokezi, si mtandaoni.